Msaada umeondoka, biashara inakuja: tumsikie tena Yash Tandon

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 ulituletea mambo mawili pamoja. Tarehe 20, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha kwa siku 90 msaada wa nchi yake kwa mataifa mengine. Usiku wa kuamkia tarehe 27, waasi wa M23 wakaingia Goma, na mwezi uliofuata Bukavu nayo ikaanguka. Watu walipofika Kalemie kwa mashua, na mafurushi kichwani na watoto mgongoni, walikuta mashirika yaliyozoea kuwapokea yakihesabu siku zilizobaki katika mikataba ya wafanyakazi wao.

Hatukuelewa mara moja ukubwa wa jambo. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilitoa karibu asilimia 70 ya fedha zote za misaada ya dharura zilizoingia Kongo. Mwezi wa tatu 2025 serikali yake ilitangaza kwamba imefuta asilimia 83 ya miradi ya USAID, na tarehe 1 mwezi wa saba shirika hilo likafungwa. Jimbo letu la Tanganyika lilikuwa limejaa kambi za wadeplase tangu mapigano ya Watwa na Waluba, ziwa limefunika nyumba za watu, na kipindupindu hakijatuaga. Hapa habari hiyo ilikuwa dawa, maji na unga, na pia mishahara ya vijana wetu wengi waliosoma.

Tangu hapo tumesikia lugha mbili makanisani. Wengine wanaomboleza, wanauliza ni nani atakayetuhurumia sasa. Wengine wanashangilia. Wanasema: afadhali, msaada ulitufanya wavivu, sasa Marekani inataka kufanya biashara nasi, na sisi tuna madini. Lugha hii ya pili ilipata nguvu zaidi pale mkataba wa amani kati ya Kongo na Rwanda ulipotiwa sahihi Washington tarehe 27 mwezi wa sita, na mazungumzo ya madini yakitembea kandokando yake.

Lugha zote mbili zinakosa jambo moja, na tunapenda kulieleza kwa njia ya maisha ya mwalimu mmoja wa Uganda ambaye makanisa yetu hayamjui. Jina lake ni Yash Tandon. Mwaka 2008 aliandika kitabu cha kuwahimiza Waafrika waache kutegemea msaada. Mwaka 2015 akaandika kingine, cha kusema kwamba biashara ni vita. Anayesoma kimoja na kuacha cha pili hajamsoma Tandon, na tunahofia kwamba wakubwa wetu wa Kinshasa wamesoma nusu tu.

Tandon alizaliwa Uganda mwaka 1939, katika ukoo wenye asili ya India. Alisoma London School of Economics, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Makerere. Kwa njia aliyokuwa ameshika angeweza kuzeeka profesa wa kawaida: kufundisha, kuandika ripoti, kuitwa mshauri na Benki ya Dunia, kurudi nyumbani na posho. Wengi wa rika lake walifanya hivyo na hatuwahukumu, kwa maana hata sisi tunajua ladha ya posho ya semina.

Lakini mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na mwaka huohuo mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na askari asionekane tena. Tandon akawa mkimbizi. Alipokelewa Tanzania, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ambayo chuo hicho kilikuwa kama soko la mawazo la Afrika nzima. Vyama vya ukombozi vya Msumbiji na Afrika Kusini vilikuwa na makao mjini humo, na walimu walibishana usiku na mchana juu ya swali moja: kwa nini nchi zilizopata bendera hazijapata uhuru wa mfuko wao? Issa Shivji alijibu hivi, Dani Nabudere akajibu vile, Mahmood Mamdani naye akaingia. Tandon ndiye aliyeyakusanya maandishi ya mabishano hayo kuwa kitabu, kilichotoka Dar mwaka 1982. (Katika chuo hichohicho alifundisha baadaye Mkongomani mwenzetu, mwanahistoria Ernest Wamba dia Wamba, ambaye mwaka 1998 alikuja kuongoza RCD. Kwa hiyo watu wa mashariki hawahitaji kuambiwa kwamba maneno mazuri ya darasani huweza kufika nyumbani yakiwa yamebeba bunduki.)

Tandon pia alionja siasa. Mwezi wa tatu 1979, jeshi la Tanzania likiwa linaelekea Kampala, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi wakaunda UNLF, umoja uliopaswa kuongoza baada ya Amin. Yeye, Nabudere, Edward Rugumayo na Omwony Ojwok walikuwa na sauti kubwa humo, hata wapinzani wao wakawaita Genge la Wanne. Serikali hiyo haikudumu. Yusuf Lule alikaa siku 68 tu, Godfrey Binaisa akafuata, na mwezi wa tano 1980 wanajeshi wakaichukua nchi. Tandon akakimbia mara ya pili, Kenya na hatimaye Zimbabwe, ambako aliishi miaka mingi.

Tumekaa juu ya habari hizi kwa makusudi. Uchumi wa mtu huyu haukutoka katika vitabu peke yake. Aliwahi kuwa mtu anayekula kwa hisani ya nchi nyingine. Aliona pia serikali iliyoingia mji mkuu nyuma ya jeshi la jirani, ikashindwa kusimama kwa miguu yake. Sisi tuliomwona Mzee Kabila akiingia Kinshasa mwaka 1997 tunaijua hadithi ya namna hiyo.

Huko Harare ndiko kazi yake kubwa ilikoanzia. Shirika la Biashara la Dunia, WTO, lilikuwa limezaliwa mwaka 1995, na serikali nyingi za Afrika zilikuwa zimekubali maelfu ya kurasa za sheria zake pasipo kuwa na watu wa kuzisoma. Mwaka 1996 mawaziri wa biashara walikutana Singapore, na wajumbe wengi wa Afrika walijikuta wakingoja nje ya chumba ambamo wachache walikuwa wakipanga mambo. Baada ya mkutano huo Tandon na wenzake walianzisha SEATINI, taasisi ndogo ya kuwafundisha wajumbe wa Afrika ya kusini na mashariki jinsi ya kusoma mikataba ya biashara kabla ya kuitia sahihi. Kazi yenyewe haikuwa na fahari: kuchukua karatasi ngumu, kuifafanua mstari kwa mstari, kumwonyesha waziri mahali ambapo neno moja litamfungia mlango mkulima wa kwake. Mwaka 1999 kule Seattle mawaziri wa Afrika walitamka wazi kwamba hawatakubali makubaliano yaliyopangwa bila wao, na mkutano ukavunjika. Mwaka 2003 huko Cancún ukavunjika mwingine. Hatusemi ni kazi ya SEATINI peke yake, lakini wajumbe walikuwa wameanza kusoma.

Kuanzia 2005 hadi 2009 Tandon aliongoza South Centre kule Geneva, taasisi ya serikali za nchi zinazoendelea iliyotokana na tume aliyoiongoza Mwalimu Nyerere. Mwenyekiti wake alikuwa Benjamin Mkapa, rais mstaafu wa Tanzania, na ndiye aliyeandika dibaji ya kitabu cha 2008, Ending Aid Dependence, yaani kukomesha kutegemea msaada.

Kitabu chenyewe ni kifupi. Kiliandikwa wakati wakubwa wa dunia wanajiandaa kukutana Accra kuzungumza jinsi ya kuufanya msaada ulete matunda zaidi. Tandon alisema swali hilo limeanza mahali pasipofaa. Kabla ya kuuliza msaada utumiweje, tuulize hicho kinachoitwa msaada ni kitu gani. Akaugawa kwa rangi. Upo msaada wa zambarau, wa mshikamano wa kweli, kama nchi za Afrika zilivyowabeba wapigania uhuru. Upo wa rangi ya chungwa, ambao kwa kweli ni biashara iliyovaa nguo ya msaada. Upo wa njano, wa kijeshi na kisiasa, unaonunua marafiki. Upo mwekundu, unaokuja na masharti juu ya namna ya kuendesha nchi yako. Na upo wa kijani na buluu, ambamo aliweka misaada ya dharura isiyofungwa na masharti na mambo yanayofaidi dunia nzima.

Tunawaomba wale wanaoshangilia waangalie vizuri hapo. Tandon hakusema unga wa dharura ukatwe, wala hakumwambia mama aliyekimbia Bukavu ajitegemee. Vita yake ilikuwa juu ya ule mwekundu hasa, unaomfanya waziri wa fedha aandike bajeti ya kumpendeza mfadhili kabla ya kumtazama raia. Aliandika hatua saba za kutoka katika utegemezi, na ya kwanza haikuhusu fedha kabisa: ilikuwa kubadili nia. Ya pili ilikuwa bajeti iangalie maskini badala ya wafadhili. Zilizofuata zilikuwa kazi na mishahara ya haki, soko la ndani, mali ya nchi kuwa mikononi mwa nchi, akiba ya wananchi kuwekwa mahali pa kuzaa. Ni safari ya miaka, na mwenye kutembea ndiye anayeianza.

Mwaka uliofuata, mwanauchumi wa Zambia Dambisa Moyo, aliyesoma Harvard na Oxford na kufanya kazi benki ya Goldman Sachs, alitoa kitabu chake Dead Aid, na dunia ilikijua zaidi kuliko cha Tandon. Naye alisema msaada umetuua, lakini dawa yake ilikuwa tofauti: serikali za Afrika zikope katika masoko ya fedha ya dunia, zivute wawekezaji. Nchi yake ilikopa. Mwezi wa kumi na moja 2020 Zambia ilishindwa kulipa. Wapo watakaosema kosa halikuwa la kitabu bali la waliokopa, na huenda ni kweli. Tandon, kwa upande wake, angeuliza kwanza nani anaweka bei ya mkopo.

Kilichotokea 2025 basi si ushindi wa Tandon. Yeye alitaka anayepokea aamke na kuondoka mezani kwa hatua zake mwenyewe. Kilichotokea ni kwamba mwenye meza aliiondoa meza. Utegemezi haukukoma siku ile, kwa maana mtu ambaye maisha yake yanabadilika kwa sahihi iliyotiwa Washington bado anategemea Washington. Wanaoomboleza na wanaoshangilia wote wanatazama upande uleule.

Tuje sasa kwenye biashara.

Watu wa Kalemie wenye miaka kama yetu wanaikumbuka Filtisaf, kiwanda cha kusokota nyuzi na kufuma nguo. Baba zetu wadogo walifanya kazi humo. Leo hakuna nguo inayotoka pale. Tunavaa mitumba inayovuka ziwa, na kwa uaminifu lazima tuseme kwamba mitumba hiyo ndiyo inayosomesha watoto wa mama wengi wa soko letu. Vita na uporaji ni sehemu kubwa ya kifo cha viwanda vya nchi hii, hatuwezi kuwasukumia wageni yote. Lakini tazama kilichotokea jirani walipotaka kufufua vya kwao. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipatana kupunguza mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vipate pumzi. Chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani kikalalamika kwa serikali yao. Nchi hizo zikaambiwa zitapoteza nafasi ya kuuza bidhaa Marekani bila ushuru kwa mpango wa AGOA. Kenya ilirudi nyuma, Tanzania na Uganda nazo zikarudi. Rwanda ilikataa, na mwaka 2018 nguo zake zikatolewa katika mpango huo. Hakuna risasi iliyopigwa, lakini nchi nne zilitaka kushona nguo zao na tatu zikaacha.

Hicho ndicho Tandon alichokiita vita katika kitabu cha 2015, Trade is War. Hakumaanisha kwamba kuuza na kununua ni dhambi. Mama wa ndagala na mwenye duka la chumvi wanafanya biashara na wote wanarudi nyumbani na kitu. Alimaanisha kwamba kati ya mataifa, yule mwenye nguvu huandika kanuni, na akishindwa kwa kanuni hutumia vitisho, kufunga masoko, hatimiliki za teknolojia, au vikwazo. Aliandika pia juu ya mikataba ya EPA ambayo Umoja wa Ulaya ulitaka kufunga na Afrika: nyinyi mfungue masoko yenu kwa bidhaa zetu, nasi tutaendelea kufungua yetu kwa zenu. Inasikika kama haki. Lakini mkulima wa Ulaya anasaidiwa na serikali yake, na wa Kalemie anasaidiwa na mvua. Mkapa alipinga mkataba huo hadharani, na mwezi wa kumi na moja 2016 bunge la Tanzania likakataa kuupitisha. Kenya ilifunga wa kwake peke yake na Ulaya, ukaanza kazi mwezi wa saba 2024. Mambo haya si ya majirani tena. Kongo iliingia Jumuiya hiyo mwaka 2022, na mlango wake mmoja ni bandari yetu.

Hapa jimboni kwetu jina la biashara mpya ni Manono. Waliosoma jiografia wanajua kwamba Wabelgiji walichimba bati pale kwa miaka mingi, na kwamba kituo cha umeme cha Mpiana-Mwanga kilijengwa kwa ajili ya bati hilo. Bati lilikwenda, na kituo kikalala. Sasa chini ya mashimo yale kuna lithiamu, madini ya betri za simu na magari, na hazina ya Manono inahesabiwa kati ya zile kubwa kabisa duniani. Kampuni ya Australia, AVZ, na serikali yetu wamekuwa wakishitakiana mbele ya mahakama za usuluhishi za kimataifa juu ya nani mwenye haki. Zijin ya China imepewa sehemu na inajenga. Mwezi wa saba 2025 KoBold ya Marekani, ambayo miongoni mwa waliotia fedha humo ni Bill Gates na Jeff Bezos, ilitia sahihi mapatano ya awali na serikali yetu. Waaustralia, Wachina na Wamarekani wanagombania shimo moja katika teritwari ambayo mama mjamzito hubebwa kwa pikipiki siku nzima kufika hospitali.

Wapo watakaosema ni baraka, tusinung'unike. Sisi pia tunataka migodi ifanye kazi. Swali letu ni lile ambalo SEATINI iliwafundisha wajumbe kuuliza: mkataba uko wapi, umeandikwa nini, nani ameusoma? Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema sehemu ya mrabaha iende moja kwa moja kwa jimbo, asilimia 25, na kwa eneo lenye mgodi, asilimia 15. Inasema pia kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya watu wanaozunguka mgodi. Hizo si zawadi. Ni sheria, na mchungaji wa Manono anaweza kuzisoma kwa waamini wake kama anavyosoma matangazo ya ndoa. Tunajiuliza wangapi wetu tunaijua hata hiyo sheria.

Na tusiseme kwamba mnyonge hana silaha. Mwezi wa pili 2025, bei ya kobalti ikiwa imeanguka vibaya, serikali yetu ilisimamisha kuiuza nje, kisha kuanzia mwezi wa kumi ikaweka kiwango ambacho kila kampuni inaruhusiwa kutoa. Kongo inachimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia. Bei ilipanda. Kwa mara moja wanunuzi wa London na Shanghai walilazimika kungoja karatasi kutoka Kinshasa. Fedha hiyo itamfikia nani ni swali jingine, na tusipoliuliza sisi hakuna wa kutuulizia. Lakini lilikuwa jambo ambalo Tandon angelitambua.

Tuna mashaka yetu pia juu ya mwalimu huyu. Aliiandikia serikali, kana kwamba serikali ikifunguka macho itawatendea watu wake mema. Sisi tumeona kwamba mtu anaweza kukomesha utegemezi wa nchi kwa wageni na bado raia akategemea chifu, gavana na mwanajeshi wa kizuizini. Profesa wetu Kankwenda Mbaya, ambaye ameandika kwa kirefu juu ya uchumi wa uporaji wa Kongo tangu 1885, ametuonyesha kwamba mporaji wa ndani na wa nje hushikana mkono. Kwa hilo tunadhani Mkongomani aliona zaidi ya Mganda.

Katika shule ya theolojia tulifundishwa kumsifu Yusufu kwa ghala za Misri. Tulihubiri hivyo miaka mingi: uwe na akiba, Mungu atakutumia siku ya njaa. Hivi karibuni tulisoma tena Mwanzo sura ya 47 mpaka mwisho, na ilitusumbua. Watu walikuja kununua nafaka wakatoa fedha yao yote. Mwaka uliofuata wakatoa ng'ombe, farasi na punda. Kisha wakatoa mashamba na miili yao, wakawa watumwa wa Farao, nao wakashukuru kwa kuokolewa. Na ile nafaka ilitoka wapi? Sura ya 41 inajibu: ilikusanywa katika mashamba ya Misri yenyewe, sehemu ya tano ya mavuno ya miaka minono. Walikulima wenyewe, wakakatwa wenyewe, kisha wakauziwa walichokilima. Yusufu aliokoa uhai wa watu, hatuwezi kulikana hilo. Lakini ufunguo wa ghala ulikuwa wa Farao, na vizazi vichache baadaye watoto wa Yusufu wenyewe walikuwa wakifinyanga matofali ya Farao mwingine.

Tukitoka hapo hatuwezi kuepuka nyumba yetu. Miaka kadhaa iliyopita shirika moja lilituchimbia kisima karibu na kanisa. Pampu ilifanya kazi vizuri, ikiwa na kibao chenye jina la waliotoa. Siku moja ikaharibika kipande kidogo cha mpira. Tuliandika barua kwa wahusika, tukangoja jibu. Tuliandika nyingine. Karibu mwaka mzima watoto wa kartie walirudi kuteka maji ya ziwa, na msimu wa kipindupindu ukatukuta hivyo. Sadaka ya Jumapili mbili ingetosha kununua kipande kile. Tulikuwa nayo. Hakuna mtu katika halmashauri aliyependekeza, hata sisi wachungaji, kwa sababu kichwani mwetu pampu ilikuwa ya wale wenye kibao. Tandon aliweka kubadili nia kuwa hatua ya kwanza, na tulipomsoma tulikumbuka ule mpira.

Makanisa yetu ya mashariki yamezaliwa na wamisionari, na hatuoni haya juu yake. Walipoondoka wametuachia shule, zahanati, na pia desturi ya kuandika ombi. Tunajua kuandika mradi kwa Kifaransa safi kuliko tunavyojua kueleza waamini fedha yao ilikwenda wapi. Ripoti ya mfadhili hutoka kwa tarehe yake, na risiti zimebandikwa. Ripoti ya sadaka husomwa haraka mwishoni mwa ibada, watu wakiwa wameshainuka. Waamini wetu hawana tofauti na raia anayetazama bajeti ya nchi: wanajua wanaohesabiwa ni wengine, kwa hiyo hawachangii kama wenye mali.

Mwezi uliopita halmashauri ya parokia yetu ilifanya jambo dogo. Tulichukua daftari la miaka mitatu, tukachora mistari miwili: kilichotoka kwetu na kilichotoka nje. Zaidi ya nusu kilitoka nje. Kisha mama mmoja wa kikundi cha akiba, ambaye hajasoma kupita darasa la sita, akauliza kwa nini fedha ya kikundi chao cha wanawake haimo katika daftari. Mweka hazina akajibu kwamba hiyo si ya kanisa, ni yao tu. Mama akasema katika miezi minne ya msimu uliopita kikundi kiliwakopesha watu 31 kununua mbegu na nyavu, kikalipa hospitali ya watoto wawili, na wote isipokuwa mmoja wamerudisha. Wanaume walikaa kimya kidogo. Hatukuwa na safu ya kuandika kitu kama hicho, kwa sababu fomu yetu ilitengenezwa na washirika wa ng'ambo zamani, na safu zake ni zile walizotaka kujua wao.

Tumepatana kuchora fomu nyingine. Itasomwa mbele ya kanisa zima Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, kabla ya mahubiri, watu wakiwa bado wamekaa.